Somo la 7: Siku Moja kwenye Njia ya Misafara Chini ya Mlima Meru

Somo: Historia ya Tanzania na Maadili
Mada: Biashara ya masafa marefu katika karne ya 19

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kueleza kwa nini njia ya misafara ya kaskazini ilishikamana na miteremko ya milima;
(b) kueleza kazi ya wapagazi na hali waliyoishi njiani;
(c) kutumia maandishi, masimulizi, lugha na mandhari kama vyanzo vya historia;
(d) kuandika insha yenye hoja, siyo orodha tu ya bidhaa na njia.

1. Utangulizi

Ukiulizwa kuhusu biashara ya masafa marefu, huenda jibu la kwanza linalokujia ni hili: kulikuwa na njia tatu. Ya kusini ilitoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Ya kati ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji. Ya kaskazini ilitoka Pangani, Tanga na Mombasa, ikapita maeneo ya Kilimanjaro na Meru kuelekea Ziwa Viktoria. Bidhaa zilikuwa pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga na bunduki.

Jibu hilo ni sahihi, lakini ni mifupa bila nyama. Halielezi kwa nini njia ilipita hapa na siyo pale, wala nani alikuwa na uwezo wa kuifunga. Wanafunzi wengi huandika kana kwamba wafanyabiashara wa pwani walipita katika nchi tupu, na wenyeji wakabaki kutazama.

Katika somo hili tutatembea siku moja tu ya njia ya kaskazini, kutoka mto Maji ya Chai hadi mto Themi katika jiji la Arusha la leo. Kwa barabara ni chini kidogo ya kilomita 30. Ukiielewa siku hiyo moja, utaweza kueleza njia nzima.

Zingatia: Maelezo ya siku hii ni ya kufikirika. Hakuna msafara mmoja uliotajwa hapa kwa jina. Yameundwa kutokana na mambo yanayojulikana kuhusu misafara ya njia ya kaskazini kati ya miaka ya 1860 na 1880. Barabara kuu ya leo pia si lazima ifuate nyayo zile zile, kwa sababu njia ya miguu ilipanda na kushuka kulingana na mvua, mazao na amani. Lakini mito ni ile ile, na mlima ni ule ule.

2. Msamiati wa safari

Mpagazi: mtu aliyebeba mzigo kwa ujira. Wingi wake ni wapagazi.
Kirangozi: mpagazi aliyetangulia mbele ya msafara na kuonyesha njia.
Mnyapara: msimamizi wa kundi la wapagazi.
Frasila: kipimo cha uzito cha takriban kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32.
Kibaba: kipimo cha nafaka. Kibaba kimoja, takriban robo tatu ya kilo, kilikuwa posho ya mtu kwa siku.
Hongo: malipo waliyotoa wasafiri kwa wenye nchi ili waruhusiwe kupita.
Kutelekeza: kusafiri mchana au jioni, baada ya mapumziko, ili kukivuka kipande cha njia kisicho na maji au kufika kambi iliyo mbali.

3. Siku ya safari

Alfajiri: mto wa kwanza

Jana yake msafara umevuka nyika iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru, sehemu ambayo leo ina Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Ni tambarare kavu yenye upepo na vumbi. Watu wamelala kwenye kijito cha kwanza kinachoshuka kutoka Meru.

Leo mto huo unaitwa Maji ya Chai, kwa sababu ya rangi ya maji yake. Maji hayo yana madini ya floraidi kwa wingi, na watu waliokulia wakinywa maji ya namna hiyo huonekana kwa meno yenye rangi ya kahawia. Msafiri wa zamani hakulijua neno floraidi, lakini alijua kwamba mito haifanani. Kirangozi mzuri alijua yote miwili: maji yako wapi, na maji yapi ni mazuri.

Saa kumi na moja alfajiri baragumu linalia. Wapagazi wanafunga mizigo na kujitwika kichwani au begani. Tuseme msafara una watu 300. Njia ni nyembamba, kwa hiyo wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Ukimpa kila mtu nafasi ya mita tatu, mstari wao una urefu wa mita 900. Wa mbele anapofika mtoni, wa mwisho bado yuko karibu kilomita nzima nyuma. Ndiyo maana msafara ulihitaji wanyapara, ngoma na baragumu, na ndiyo maana msafara mkubwa ulikuwa rahisi kushambuliwa hata kama ulikuwa na bunduki nyingi.

Ndani ya mizigo hamna pembe bado, kwa maana tunaelekea bara. Kuna nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za chuma na za shaba. Bidhaa hizi zilichaguliwa kwa uangalifu. Wamasai walitaka nyaya na shanga za aina na rangi fulani, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alirudi nayo pwani. Hapo pia mnunuzi wa bara ndiye aliyeamua.

Asubuhi: kwa nini mlimani?

Saa mbili asubuhi msafara unafika mto Usa. Upande wa kulia kuna Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Upande wa kushoto ardhi inateremka polepole hadi nyika ya Wamasai. Njia inapita katikati, kwenye mpaka wa kijani na kahawia.

Hapa ndipo penye swali kuu la somo. Njia ya nyikani ni tambarare, haina makorongo wala matope. Kwa nini msafara usipite huko?

Sababu ya kwanza ni maji. Mvua nyingi inayotoka Bahari ya Hindi hunyesha upande wa kusini na mashariki wa Meru. Ndiyo maana mito ya Maji ya Chai, Usa, Tengeru, Nduruma na Themi imefuatana kwa karibu. Upande wa kaskazini na magharibi wa mlima ni mkavu zaidi.

Sababu ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni chakula. Wafugaji wa nyikani waliishi kwa mifugo yao. Hawakuwa na nafaka ya kuuzia watu 300. Nafaka, ndizi, maharage na magimbi vilikuwa mlimani, kwenye mashamba ya Wameru na Wa-Arusha yaliyomwagiliwa kwa mifereji.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Watu 300 wakila kibaba kimoja kila mmoja, kwa siku moja wanahitaji kilo 225. Kwa siku kumi ni kilo 2,250. Gawanya kwa kilo 32 za mzigo mmoja: unapata mizigo 70. Maana yake, karibu robo ya wapagazi wote wangebeba chakula tu, na baada ya siku kumi chakula chenyewe kimekwisha. Hakuna mfanyabiashara ambaye angepata faida kwa mtindo huo. Ilimlazimu anunue chakula njiani.

Kwa hiyo ramani ya njia ya kaskazini ni ramani ya sehemu zenye mashamba na maji: Arusha Chini, Kahe, Taveta, Uchagani, Meru, kisha Engaruka chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kati ya sehemu hizo ni nyika. Msafara uliruka kutoka ghala moja hadi jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Jambo la kukumbuka: Msafara ulikuwa na bunduki, lakini haukuwa na chakula. Wenye chakula walikuwa na sauti.

Saa tano: kambi na soko

Jua linapokuwa kali msafara unatua karibu na mto Tengeru. Kwa kawaida wapagazi walitembea saa tano au sita, kisha wakapiga kambi. Miti ya miiba inakatwa na kuzungushiwa kambi. Lakini hakuna anayekula mpaka mazungumzo yafanyike.

Mkuu wa msafara anatuma ujumbe na zawadi kwa wenye nchi. Hongo inajadiliwa. Mara nyingine wafanyabiashara na wenyeji walifungamana kwa udugu wa kuchanjiana, ili mgeni awe na mtu wa kumtetea. Makubaliano yakifikiwa, wanawake wanashuka na ndizi, nafaka na maharage, na kambi inageuka soko. Katika sehemu nyingi za njia hii wanawake ndio waliouza chakula. Kwa hiyo mkulima mwanamke, ambaye vitabu vingi havimtaji, alikuwa mmoja wa nguzo za biashara ya pembe.

Makubaliano yakishindikana, mashamba yanafungwa. Msafara unaweza kujaribu kuchukua kwa nguvu, na hilo lilitokea sehemu mbalimbali za njia. Lakini msafara ule ule ulitarajia kurudi kwa njia ile ile baada ya miezi kadhaa, ukiwa umechoka na umebeba pembe. Aliyeiba wakati wa kwenda alilipa wakati wa kurudi.

Leo Tengeru bado ni mahali pa soko kubwa, hasa siku ya Jumamosi. Ndizi zinatoka mlimani, wanunuzi wanatoka pande zote. Hatuwezi kusema kwamba soko la leo ni lile la misafara. Tunachoweza kusema ni kwamba sababu iliyokutanisha watu haijabadilika: mlima na nyika vinahitajiana.

Alasiri: serikali mbili kwa siku moja

Saa tisa alasiri mkuu wa msafara anaamua kutelekeza hadi mto Themi. Wapagazi wananung'unika, kwani miguu imevimba. Miongoni mwao yumo aliyeshikwa na homa. Mzigo wake umegawanywa kwa wenzake, lakini yeye mwenyewe hana wa kumbeba. Katika misafara mingi mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani. Akiwa na bahati, aliachwa karibu na kijiji.

Kilomita chache mbele, msafara unatoka katika nchi ya Wameru na kuingia katika nchi ya Wa-Arusha. Miteremko inafanana na migomba inafanana, lakini utawala haufanani. Wameru walikuwa na kiongozi aliyeitwa Mangi. Wa-Arusha, wanaozungumza Kimasai, walijitawala kwa marika, na wasemaji wa marika waliitwa laigwanani. Kwa Wameru mgeni aliuliza, "Mangi anasemaje?" Kwa Wa-Arusha ilimbidi aulize, "Rika lililo na nguvu sasa ni lipi, na nani anasema kwa niaba yake?" Aliyekosea swali alilipa hongo kwa mtu asiyehusika, kisha akalipa tena.

Hapa pana hoja nzuri ya mtihani. Katika mwendo wa siku moja tu, msafara ulikutana na mifumo miwili ya uongozi ya Kiafrika, na ulilazimika kuijua yote miwili. Utaalamu wa njia haukuwa kujua milima na mito peke yake. Ulikuwa pia kujua watu, lugha na desturi.

Jioni: Themi

Jua linapozama mbele ya wapagazi, wa kwanza wanafika Themi. Wa mwisho wanafika gizani. Kesho watapumzika, kununua chakula cha siku nyingi na kukikausha au kukisaga, kwa sababu baada ya hapa njia inaiacha miteremko na kuingia nyika ndefu kuelekea Engaruka. Kituo hiki cha mwisho kabla ya nyika ndicho kilichokuja kuwa jiji la Arusha.

4. Tumejuaje? Vyanzo vinne vya njia hii

(a) Maandishi. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society la London lilichapisha maelezo ya njia za misafara yaliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield. Mtoa habari wake mkuu alikuwa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, katika pwani ya Kenya ya leo. Sadi alizieleza njia kituo baada ya kituo kutokana na safari zake. Baadaye, mwaka 1883, Mjerumani Gustav Fischer alipita chini ya Meru akielekea Engaruka na Naivasha. Mwaka 1887 Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika Meru, wakiwa pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani.

Angalia tarehe hizo. Maelezo ya Sadi yalichapishwa miaka 13 kabla ya safari ya Fischer. Kwa hiyo ni kosa kuandika kwamba wapelelezi wa Ulaya "waligundua" njia hii. Walifuata njia zilizojulikana, wakiongozwa na watu waliozijua.

(b) Masimulizi. Masimulizi ya Wameru yanasema baadhi ya koo zao zilitoka Usambara. Wa-Arusha wanasimulia kwamba walitoka Arusha Chini, kusini ya Kilimanjaro, na wanahistoria wanakadiria kwamba walihamia Meru katika miaka ya 1830. Jina lao walikuja nalo. Kwa maneno mengine, kabla ya njia kuwa ya wafanyabiashara ilikuwa njia ya wahamiaji.

(c) Lugha. Kimeru kinafanana sana na Kimachame cha magharibi ya Kilimanjaro. Mfanano huo unaonyesha kwamba watu walivuka nyika ile kati ya milima miwili zamani sana. Majina ya mahali nayo yanasema. Katika Kimasai neno la maji ni engare. Ngarenaro, iliyo jijini Arusha, inatokana na maneno yenye maana ya maji meusi. Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Meru, ni maji mekundu. Ngaramtoni nayo imeanza na neno hilo hilo. Watu waliozipa sehemu hizo majina walizitambua kwa maji yake.

(d) Mandhari na mabaki. Huko Engaruka kuna mabaki ya vijiji vya mawe na mifereji ya watu walioishi kwa kilimo cha umwagiliaji kuanzia takriban karne ya 15 hadi ya 18. Walitoweka kabla ya misafara mikubwa ya karne ya 19, lakini kijito chao kiliendelea kuwavuta wasafiri.

Kila chanzo kina udhaifu wake. Msafiri wa Ulaya aliandika mengi kuhusu hongo kwa sababu ilimkera, na machache kuhusu wanawake waliomlisha. Masimulizi ya ukoo hupenda kuwasifu wazee wa ukoo. Mandhari hayataji majina. Ndiyo maana mwanahistoria havitumii kimoja peke yake.

5. Kuanguka kwa njia ya misafara

Tumia mambo manne yafuatayo kujibu swali la "kwa nini":

Kwanza, sotoka iliua ng'ombe wengi sana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafuatwa na ndui na njaa. Nguvu ya Wamasai nyikani ilipungua, na uhusiano wa mlima na nyika ukavurugika.

Pili, tembo walipungua kutokana na kuwindwa sana, na pembe zikazidi kutafutwa mbali.

Tatu, ukoloni. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa Akeri, Meru. Wajerumani walijibu kwa mashambulizi makali ya kuadhibu dhidi ya Wameru na Wa-Arusha. Mwaka 1900 boma la Wajerumani lilisimama Arusha, likiwa limejengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya wenyeji. Jengo hilo leo ni makumbusho. Tangu hapo mpita njia hakumuuliza tena Mangi wala laigwanani. Aliyedai ushuru alikuwa mkoloni.

Nne, reli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ikafika Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya wapagazi.

6. Upande wa maadili

Historia ya njia hii ina mambo mawili ambayo ni lazima uyashike kwa pamoja.

La kwanza ni ushirikiano. Watu wa lugha na imani tofauti walikubaliana bei, wakalindana na kuheshimiana desturi, bila polisi wala mahakama ya pamoja. Neno lililotolewa leo lilitegemewa mwakani.

La pili ni maumivu. Pembe iliyotengenezwa vitufe vya piano Ulaya na Marekani ilipita juu ya mabega ya mtu aliyekula kibaba kimoja kwa siku. Wapo waliokufa njiani na majina yao hayakuandikwa. Tukiisifu njia kwa sababu ilileta biashara na kueneza Kiswahili, tusiwasahau waliobeba mzigo.

Jiulize: nani leo anabeba mzigo wa biashara kubwa na jina lake halionekani?

7. Mfano wa swali na jibu

Swali: "Wenyeji wa bara walikuwa watazamaji tu katika biashara ya masafa marefu." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano ya njia ya kaskazini.

Jibu la mfano:

Biashara ya masafa marefu ilikuwa biashara iliyounganisha pwani na bara katika karne ya 19. Kauli kwamba wenyeji wa bara walikuwa watazamaji tu si sahihi, kwa sababu wao ndio waliowezesha misafara kusafiri, kama inavyoonekana katika eneo la Meru.

Kwanza, wenyeji walizalisha chakula. Msafara wa mamia ya watu haukuweza kubeba chakula cha safari nzima. Wameru na Wa-Arusha, kwa kilimo chao cha mifereji, walikuwa miongoni mwa waliouza ndizi na nafaka. Bila wao njia isingepita hapo.

Pili, wenyeji walisimamia usalama na mapato. Misafara ilitoa hongo na kujadiliana na viongozi wenye mifumo tofauti, kama Mangi kwa Wameru na laigwanani wa marika kwa Wa-Arusha.

Tatu, wenyeji waliamua bidhaa. Wamasai walichagua aina za nyaya na shanga, na wafanyabiashara wa pwani walilazimika kufuata.

Nne, Waafrika walikuwa wataalamu wa njia. Maelezo ya Sadi bin Ahedi yalichapishwa mwaka 1870, kabla Fischer hajapita Meru mwaka 1883.

Hata hivyo, ushiriki huo haukuwa na faida sawa kwa wote. Wapagazi walifanya kazi ngumu kwa malipo madogo, na baadhi ya jamii zilishambuliwa na kuporwa. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba wenyeji walikuwa washiriki wenye uwezo wa kuamua, ingawa gharama na faida havikugawanywa kwa haki.

Kwa nini jibu hili ni zuri? Limefafanua dhana, limechukua msimamo, kila hoja ina mfano wa mahali au mwaka, na limetaja upande wa pili kabla ya kuhitimisha.

8. Makosa ya kuepuka

(a) Kuchanganya Arusha Chini na jiji la Arusha. Arusha Chini iko kusini mwa Kilimanjaro.
(b) Kuandika kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Wengi walikuwa watu wa ujira, ingawa wapo watumwa waliobebeshwa mizigo.
(c) Kuandika kwamba Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakuu wa kila njia. Walitawala njia ya kati. Njia ya kaskazini ilitegemea zaidi watu wa pwani na jirani zao.
(d) Kutaja hongo kama wizi. Eleza kwamba ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya wenyewe.

9. Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya: (a) kirangozi (b) hongo (c) kutelekeza.
2. Msafara una watu 400. Kila mtu anakula kibaba kimoja (robo tatu ya kilo) kwa siku. Safari ya nyikani ni siku nane. Ni mizigo mingapi ya kilo 32 inahitajika kwa chakula peke yake? Jibu lako linakufundisha nini kuhusu njia ya misafara?
3. Taja vyanzo vinne vya historia vilivyotumika katika somo hili, na udhaifu mmoja wa kila kimoja.
4. Kwa nini si sahihi kusema kwamba wapelelezi wa Ulaya waligundua njia ya kaskazini? Toa ushahidi wa tarehe.
5. Fafanua jinsi sotoka, ukoloni na reli vilivyobadilisha maisha ya watu wa miteremko ya Meru.
6. Zoezi la nje: Ukiwa na mwalimu au mzazi, tembea kwa saa mbili kwenye njia ya zamani iliyo karibu na kwenu. Andika kila mto, soko na jina la mahali unalopita. Muulize mzee mmoja: kabla ya barabara hii, watu walipita wapi, na kwa nini? Andika majibu yake katika aya mbili, kisha eleza kipi ungependa kukithibitisha kwa chanzo kingine.

Jibu la swali la 2: 400 × 0.75 × 8 = kilo 2,400; 2,400 ÷ 32 = mizigo 75.